Vipande Vilivyotoweka Ghubani: Uchambuzi wa Kisa cha Plastiki "Iliyoliwa"

Kisa hiki kilianza na andiko la mradi. Kikundi cha vijana wanaokusanya taka za plastiki kwenye mwambao wa Ghuba ya Mwanza, upande wa Igombe, kiliniletea kurasa walizokusudia kuzipeleka kwa mfadhili, wakaniomba nizipitie kabla ya kuzituma. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na wawili kati yao walipita darasani kwangu, kwa hiyo ombi halikunishangaza. Kilichonishangaza ni dai la ukurasa wa nne. Waliandika kwamba vijidudu vya ziwani vilikuwa vimekula plastiki ndani ya wiki saba mbele ya macho yao, na kwamba wakipata fedha za kuagiza vijidudu vyenye nguvu zaidi kutoka bahari za nchani mwa dunia, ambako vimezoea kazi hiyo katikati ya barafu, mwambao mzima ungesafishika bila mtu kuinama kuokota kitu.

Nakieleza kwa urefu kwa sababu kosa lililomo si la uvivu. Vijana wale walifanya jaribio, waliandika walichokiona kila wiki, na walichokiona kilikuwa kweli. Walikosea katika jina walilokipa.

Jaribio lilivyokwenda

Walishona tenga la chandarua, wakalifunga kwenye fremu ya mianzi iliyoshikiliwa na madumu manne matupu ili ielee, tenga likaning'inia ndani ya maji kiasi cha urefu wa mkono. Wakatia humo vipande vya aina mbili. Aina ya kwanza ilikatwa kutoka mifuko laini ya nailoni, ile ambayo watu wa umri wangu bado tunaiita rambo ingawa mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Mabaki yake hayajaisha, wala vifungashio vya nailoni havijaisha. Aina ya pili ilikuwa vizibo vya chupa vilivyokatwakatwa kwa msumeno. Kila Jumamosi mmoja wao alipiga kasia hadi kwenye fremu na kuhesabu vipande vinavyoelea.

Wiki mbili za kwanza hesabu haikubadilika. Kisha vipande vikaanza kuteleza mkononi, vikageuka rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, na hesabu ya nailoni ikaanza kushuka. Kufikia wiki ya saba nailoni nyingi haikuonekana tena juu ya maji, ilhali karibu vizibo vyote bado vilikuwa vinaelea. Siku hiyo walilivuta tenga, wakalikuta zito kwa matope, wakalikung'utia ziwani ili liingie mtumbwini, na wakaandika kwenye daftari: "Nailoni imeliwa. Vizibo bado."

Nilisoma daftari lile mara mbili. Neno lililonisimamisha halikuwa "imeliwa" bali "wakalikung'utia". Kama kulikuwa na ushahidi wowote wa mahali nailoni ilipokwenda, ulikuwa ndani ya matope yale, na matope yalikuwa yamerudi ziwani.

Ukoga

Kabla ya kuwajibu nilimtembelea mzee mmoja mvuvi wa dagaa ambaye amekuwa akitumia chupa tupu kama maboya kwa miaka mingi. Nilimuuliza kwa nini chupa zake amezipanga juani kama anika la mihogo. "Mwalimu, chupa ikishaota ukoga haikubebei tena wavu," alinijibu. "Naisugua, naianika, inarudi kazini."

Neno alilolitumia ni zuri kuliko lolote nililolisoma kwenye maandishi ya kitaalamu ya Kiswahili. Ukoga ni ule utando unaoshika meno usiku mmoja bila mswaki, na kwa kweli utando wa meno na utando wa chupa ya mvuvi ni jamaa moja. Kitu chochote kigumu kikitumbukizwa majini, ndani ya muda mfupi hupakwa tabaka jembamba la protini na sukari zilizoyeyuka humo. Juu ya tabaka hilo hutua bakteria, ambao hutoa ute unaowagandisha pale walipo. Ute huo hunasa bakteria wengine, mwani, chembe za udongo, na hatimaye wanyama wadogo wanaokuja kula. Plastiki haina upekee katika hatua hizi, kwani jiwe nalo huota ukoga. Upekee wake ni kwamba nyingi yake inaelea na haiozi upesi, hivyo hugeuka chombo kinachobeba jamii nzima ya viumbe kwa safari ndefu ambayo jani au kipande cha mti kisingeifika.

Jambo hili lilionekana mapema. Mwaka 1972 Carpenter na Smith, walipoeleza chembe za plastiki walizozikuta katika Bahari ya Sargasso, walitaja pia viumbe vilivyokuwa vimeota juu yake. Mwaka 2013 Zettler, Mincer na Amaral-Zettler walipima vinasaba vya viumbe vilivyokaa juu ya plastiki kutoka Atlantiki ya Kaskazini, wakaonyesha kwamba jamii ile ilikuwa tofauti na iliyokuwa katika maji yaliyoizunguka. Tangu hapo utafiti umekuwa mwingi, ukiwemo ule wa bahari za nchani ambao vijana wangu waliunukuu kwa nusu.

Swali la barafu

Hoja yao ya pili ndiyo iliyonichukua muda mrefu, kwa kuwa inavutia na ina mantiki ya nje. Mwenyekiti wa kikundi aliieleza hivi: "Mwalimu, kama kule kwenye baridi ya kuua mtu vinakula plastiki, vikija huku kwenye joto si vitamaliza kwa siku mbili?"

Sehemu ya hoja hiyo ni sahihi. Kasi ya matendo mengi ya kikemia ndani ya viumbe huongezeka karibu maradufu kila joto linapopanda kwa nyuzi 10. Maji ya bahari ya nchani hukaribia kuganda kwenye nyuzi 1.9 chini ya sifuri, na maji ya juu ya Ziwa Victoria hukaa karibu nyuzi 25 mwaka mzima. Kwa hesabu hiyo tupu, kinachofanyika kule kwa mwezi kingefanyika hapa kwa siku chache. Lakini hesabu hiyo inamhusu kiumbe anayeweza kuishi katika hali zote mbili, na bakteria wa baridi kali hawako hivyo.

Fikiria samli na mafuta ya alizeti yaliyowekwa ndani ya friji. Samli huganda, mafuta ya alizeti hubaki yakimiminika, kwa sababu molekuli zake zimepinda na hazipangiki vizuri pamoja. Bakteria wa bahari baridi hujenga ngozi ya seli yao kwa mafuta ya namna hiyo ya pili ili isigande ikapasuka. Vimeng'enya vyao, yaani protini zinazoharakisha matendo ya kikemia, navyo vimelegea kuliko vya bakteria wetu, hivyo hunyumbulika na kufanya kazi pale ambapo vya kwetu vingekakamaa. Na gharama ya kulegea huko ni kwamba joto la wastani tu huvifumua. Bakteria anayeitwa Colwellia psychrerythraea, ambaye amechunguzwa sana kama mfano wa maisha ya baridi, hustawi vizuri zaidi kwenye takriban nyuzi 8. Kumleta Igombe ni sawa na kumtia sufuriani.

Halafu kuna dai lenyewe kwamba vinakula. Dai hilo lina mzizi, na ni haki kuueleza. Mwaka 2023 watafiti wa Uswisi walichapisha matokeo ya bakteria na kuvu waliotenganishwa kutoka plastiki iliyokaa ardhini Greenland, visiwa vya Svalbard na Uswisi. Waliotesha aina 34 kwenye nyuzi 15, na zaidi ya nusu yake ziliweza kumeng'enya plastiki fulani ya poliyurethani iliyotengenezwa ili ioze. Baadhi ziliweza pia plastiki nyingine zinazouzwa kama zinazooza. Hata moja haikuweza polietilini, ingawa walisubiri siku 126. Polietilini ndiyo nailoni ya vijana wangu. Isitoshe, viumbe wale walitoka udongoni, hawakutoka baharini. Habari iliyowafikia vijana ilikuwa imepoteza aina ya plastiki, imepoteza udongo, na ikabaki na barafu.

Sababu ya tofauti hiyo iko katika umbo la plastiki. Mnyororo wa polietilini ni kaboni iliyoungana na kaboni tangu mwanzo hadi mwisho, na haina mahali ambapo kimeng'enya kinaweza kushika na kukata kwa msaada wa maji. Plastiki ya chupa za maji ya kunywa ina viungo vya esta katikati ya mnyororo, ambavyo hukatika kwa njia hiyo, na ndiyo maana Ideonella sakaiensis, bakteria aliyeelezwa na watafiti wa Japani mwaka 2016, aliweza kuila filamu yake nyembamba kwa muda wa wiki sita kwenye nyuzi 30. Kizibo cha chupa hiyohiyo ni plastiki nyingine kabisa. Wanafunzi wangu hushangaa kila mwaka ninapowaambia hivyo, nami huwaambia wavitie chupa na kizibo kwenye beseni la maji, kila kimoja kimekatwa kipande. Kimoja kinazama, kingine kinaelea.

Niliongeza kwa vijana jambo moja ambalo halihusu kemia. Ziwa hili linafahamu habari ya kiumbe aliyeletwa kwa nia njema. Sangara alitiwa humu katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili waliokuwa wa aina mamia, walikuwa wameporomoka. Sisemi sangara hakuleta fedha Mwanza, maana viwanda vya minofu navyo ni ukweli. Nasema tu kwamba sentensi ya "tutaagiza vijidudu" haiandikwi ukurasa mmoja na bajeti ya gumbuti.

Marudio

Tulikubaliana warudie jaribio, kwa mabadiliko matatu. Chini ya chandarua walishona shuka jeupe ili lolote litakalozama lisipenye. Waliweka pia ndoo nyumbani yenye vipande vilevile ndani ya maji ya ziwa yaliyochemshwa na kutiwa jiki kidogo kila wiki, ili kuwe na plastiki iliyolowa muda uleule bila kuota ukoga. Tatu, siku ya kuvua hakuna kukung'uta. Beseni liingizwe chini ya tenga likiwa bado majini.

Hesabu ya juu ilishuka kama mara ya kwanza, nailoni ikitangulia na vizibo vikibaki. Katika ndoo ya jiki vipande vyote viliendelea kuelea. Tulipopandisha beseni, juu ya shuka kulikuwa na tope la kijani, na ndani ya tope hilo nailoni ilikuwa imelala, kipande juu ya kipande, kila kimoja kimevaa ukoga mzito kiasi kwamba mwanzoni tulidhani ni majani ya gugu maji yaliyooza. Vipande vichache hatukuvipata, na sina sababu ya kudai vilikwenda wapi.

Tuliviloweka vile tulivyovipata kwenye maji ya sabuni, tukavisugua kwa vidole, tukavitia kwenye ndoo ya maji safi. Vikaelea. Mwenyekiti alivizamisha kwa kidole, vikapanda. Akavizamisha tena, vikapanda tena. Hakusema neno kwa muda.

Kwa nini nailoni izame na kizibo kibaki? Sentimita moja ya ujazo ya polietilini ya mfuko laini ina uzito wa kama gramu 0.92, ya maji ya ziwa gramu 1. Ukoga wenyewe ni mzito kidogo kuliko maji. Tuchukue gramu 1.05 kwa ajili ya hesabu. Mfuko wenye unene wa milimita 0.02 ukiota ukoga wa milimita 0.016 kila upande, unakuwa hauelei wala hauzami, na ukizidi hapo unakwenda chini. Kizibo cha polietilini ngumu yenye gramu 0.95 na unene wa milimita 1.5 kinahitaji ukoga wa robo tatu ya milimita kila upande, ambao ni zulia. Kadiri kipande kinavyokuwa chembamba ndivyo ngozi yake inavyozidi kiwiliwili chake, na ukoga hukaa kwenye ngozi. Kwa hiyo vilivyotoweka kwanza ndivyo vilivyokuwa vyembamba zaidi, jambo ambalo macho yenye hamu hulisoma kama kuliwa: laini huisha, ngumu hubaki, kama sahani ya ugali na mifupa.

Tulivipima pia. Sonara mmoja mjini alituazima mizani yake ya dhahabu inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kwa sharti kwamba vipande viwe vikavu na visinuke. Vikiwa na ukoga uliokauka, vilikuwa vizito kuliko vilivyoingia ziwani. Vikiwa vimesafishwa, havikuwa vimepungua kwa kiasi ambacho mizani ile inaweza kukionyesha. Hilo halithibitishi kwamba hakuna hata molekuli moja iliyomeng'enywa. Anayetaka kuthibitisha ulaji hutengeneza plastiki yenye kaboni iliyowekewa alama, kisha huitafuta kaboni hiyo katika hewa ukaa inayotolewa na bakteria au katika miili yao. Mizani ya sonara haifiki huko, lakini inatosha kuvunja sentensi ya "imeliwa ndani ya wiki saba".

Bahari za nchani zinasema nini hasa

Baada ya marudio hayo niliwarudisha vijana kwenye utafiti wa nchani, maana nilitaka waone kwamba walikuwa wamechagua ushahidi unaofaa kwa hoja isiyofaa.

Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Alfred Wegener ya Ujerumani waliripoti barafu ya bahari iliyochimbwa katika Aktiki, yaani ncha ya kaskazini, mwaka 2014 na 2015. Katika lita moja ya barafu walikuta hadi chembe 12,000 za plastiki, zaidi ya nusu zikiwa ndogo kuliko sehemu ya ishirini ya milimita. Chini ya barafu hiyo huota mwani unaoitwa Melosira arctica, unaoning'inia kwa nyuzi ndefu zenye ute. Mwaka 2023 watafiti walipima nyuzi hizo wakakuta wastani wa chembe 31,000 za plastiki katika kila mita ya ujazo, kama mara kumi ya maji yaliyo jirani. Barafu ikiyeyuka, mwani huo hushuka kwa mashungi hadi sakafuni pamoja na plastiki iliyonata. Na sakafuni kweli plastiki ipo: katika Mlango-bahari wa Fram, kati ya Greenland na Svalbard, kwenye vina vya zaidi ya mita 2,300, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta hadi chembe karibu 6,600 katika kilo moja ya mashapo.

Kwa hiyo viumbe vidogo vya nchani vinashughulika na plastiki kweli, na kazi yao kubwa inayopimika ni kuinasa na kuiteremsha. Ndiyo kazi iliyofanyika ndani ya tenga la Igombe. Kule hufanyika kwa msimu, kwa kuwa wakati wa giza la miezi mwani hauna mwanga, na baridi huchelewesha kila hatua ya kuota ukoga; maji ya chumvi nayo hubeba zaidi, hivyo mfuko uleule wenye ukoga uleule ungehitaji tabaka nene karibu mara tatu ndipo uzame. Hapa kwetu maji ni matamu, ya uvuguvugu, na jua halina likizo. Kama kuna mahali plastiki nyembamba inapaswa kuzama upesi, basi ni ghuba kama hii.

Kuna pia uwezekano kwamba kilichozama hakibaki chini. Kielelezo cha hesabu kilichochapishwa mwaka 2017 kwa ajili ya bahari kilionyesha chembe ikishuka gizani, mwani wake ukifa na kuliwa, ikawa nyepesi, ikapanda tena. Ghuba yetu ina kina kifupi na matope yanayotibuliwa na upepo, na sato hutafuta chakula humo humo. Samaki walionunuliwa Mwanza, sangara 20 na sato 20, ndio waliotoa ushahidi wa kwanza wa plastiki ndogondogo katika Maziwa Makuu ya Afrika, uliochapishwa mwaka 2016: ilithibitishwa matumboni mwa asilimia 20 ya samaki wa kila aina. Ukoga hufanya kipande kifanane na chakula kwa harufu na kwa rangi, na nadhani hilo lingestahili ukurasa wa nne kuliko lililokuwapo.

Andiko lilivyobadilika

Ukurasa wa nne uliandikwa upya. Maneno "vijidudu vinavyokula" yaliondoka, na mahali pake pakawekwa jedwali la hesabu za juu na za chini pamoja na picha ya shuka lenye tope. Kazi yenyewe ilihamishwa kutoka mwambao wa wazi kwenda karibu na mahali Mto Mirongo unapomwaga maji ya jiji ziwani, kwa kuwa pale nailoni huwa bado haijaota ukoga, inaelea, na wavu unaweza kuishika. Wiki chache baadaye iko mahali ambapo hakuna mtu wa kikundi anayeweza kufika kwa gumbuti. Bajeti ya kuagiza bakteria ilinunua nyavu na kamba.

Mwenyekiti hakufurahi siku zote za mazungumzo haya, na sikumtegemea afurahi. Ila wiki iliyopita alikuja kuomba tenga moja libaki Igombe hadi mvua za vuli ziishe. Amelishonea shuka jipya, na daftarini ameshachora safu moja tu ya hesabu, yenye kichwa "Chini".